Sifuri ya Kilosa

Kwa siku 19 ripoti yangu ya usalama wa mtandao ilionyesha kwamba tawi letu la Kilosa lilikuwa na majaribio 0 yaliyozuiwa. Rangi ya kijani ya sifuri hiyo niliichagua mwenyewe, na kila Jumatatu ripoti ilipomfikia mkurugenzi kwa barua pepe, nami niliisoma kama habari njema.

Tuna fayawoli tatu, yaani vifaa vinavyochuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao: makao makuu Morogoro, Kilosa na Ifakara. Zote hutuma logi zake (kumbukumbu za matukio) kwa syslog, utaratibu wa kawaida wa kupeleka kumbukumbu hizo, kwenye seva moja iliyoko Morogoro, na seva ndiyo inayozichambua na kutoa ripoti. Ripoti ya kwanza kabisa ilikuwa na kurasa 140, maana nilichagua kila jedwali na kila chati iliyokuwepo. Mkurugenzi aliifungua mbele yangu, akapitisha kurasa kadhaa, akauliza, "Mwanangu, hapa kuna jambo la kufanya au hakuna?" Sikuwa na jibu. Nikaipunguza hadi kurasa mbili, na ile sifuri ya kijani ikakaa juu kabisa.

Kisha mhasibu wa Kilosa akanipigia. "Kaka, kompyuta ya mapokezi imekuwa nzito ajabu." Niliingia kwenye fayawoli ya tawi lenyewe kuangalia kompyuta hiyo inafanya nini, nikakuta mistari inaporomoka: inajaribu kutoka nje kwa poti (mlango wa mawasiliano) 25, sasa anwani hii, sekunde ijayo nyingine, na kila jaribio linazuiwa. Poti 25 ni ya seva za barua pepe kupelekeana barua. Kompyuta zetu za kawaida hutuma kwa 587, kwa hiyo hakukuwa na sababu yoyote ya halali. Ilikuwa na kirusi kinachojaribu kurusha barua taka. Fayawoli ilikuwa imekizuia tangu mwanzo. Tatizo lilikuwa ripoti.

Siku 19 kabla, tulibadilisha anwani ya IP ya seva ya logi. Morogoro na Ifakara nilizirekebisha, Kilosa nikaisahau. Fayawoli ile iliendelea kutuma kwenye anwani ya zamani, kwa UDP, njia nyepesi ya kutuma data, poti 514. UDP haisubiri mpokeaji athibitishe kwamba kilichotumwa kimefika, kwa hiyo fayawoli haikulalamika. Seva nayo ilihesabu ilichokipata, ikapata sifuri, ikaiandika. Niliumia sana, kwa sababu watu waliniamini na mimi nilikuwa nawapelekea ukimya nikiuita usalama.

Nilikaa siku mbili nikiijenga upya. Mstari wa kwanza wa ripoti sasa hautaji shambulio lolote. Unasema kila kifaa kimetuma logi ngapi ndani ya saa 24, na ya mwisho iliingia saa ngapi. Kifaa kikinyamaza kwa dakika 30, seva inanitumia ujumbe bila kungoja Jumatatu. Logi zenyewe nilizihamishia TCP, njia nyingine ya kutuma data, ambayo walau hutambua muunganisho ukikatika.

Saa ilinisumbua kuliko nilivyodhani. Muundo wa zamani wa syslog hauandiki mwaka wala ukanda wa saa, na fayawoli ya Kilosa ilikuwa kwenye UTC, saa ya marejeo ya dunia, nyuma yetu kwa saa tatu. Tukio la saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu lilihesabiwa kuwa la Jumapili saa nne usiku. Nikazielekeza zote tatu kwenye chanzo kimoja cha saa kwa NTP, njia ya vifaa kulinganisha saa kupitia mtandao, na nikawasha muundo mpya zaidi wa syslog, RFC 5424 wa mwaka 2009, ambao huandika tarehe kamili pamoja na ukanda.

Yanayofuata kwenye ripoti ni machache: nani aliingia kama msimamizi na akabadilisha nini, na kompyuta zipi za ndani zimezuiwa zikitaka kutoka. Wanaogonga kutoka nje nimewaacha kwenye kiambatisho, kwa kuwa intaneti nzima hugongwa usiku na mchana. Anayegonga kutoka ndani ndiye wa kufuatwa. Kila kompyuta niliipa anwani isiyobadilika, nikaifunga na jina lake, ili mkurugenzi asome "mapokezi, Kilosa" badala ya 192.168.20.47.

Orodha ya tovuti alizotembelea kila mtumishi niliiondoa kabisa. Ni taarifa binafsi, na tuna sheria yake ya mwaka 2022. Ikihitajika kwa uchunguzi, itaombwa kwa maandishi.

Jumatatu moja mwezi uliopita, nikiwa bado kwenye daladala, simu iliita. Alikuwa mkurugenzi. "Ifakara mstari wao mwekundu, logi ya mwisho jana saa tatu usiku. Wana nini?" Umeme ulikuwa umekatika na betri ya akiba imekwisha. Ujumbe wa seva nilikuwa nao tangu usiku, ila yeye aliiona mwenyewe kwenye ripoti, mstari wa kwanza.