Kizungu walichomnyima Guka

Wengi wetu tunadhani mkoloni alipofika Kenya alianza tu kutufunza Kizungu sote. Sivyo kabisa, na mimi nimelijua hilo kwa Guka, yaani babu yangu, ambaye mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa toto wa jikoni kwa setla mmoja, mzungu mlowezi, upande wa Nakuru. Anasema yule bwana hakuwahi kumwambia hata neno moja la Kizungu, ilikuwa ni "kuja hapa" na "lete maji moto", kile Kiswahili cha kuvunjavunja walichokiita Kisetla, na siku Guka aliporudia neno alilosikia mezani alizabwa kofi.

Masetla wengi hawakutaka mfanyakazi anayeelewa wanachoongea. Serikali nayo ilihitaji makarani na wakalimani wachache, basi. Shuleni mtoto alianza na lugha ya kwao, Kizungu kikaja baadaye, na wengi walishatoka shule kabla hawajakifikia. Ndio maana shule huru za Wakikuyu miaka ya 1930 zilikipigania kifunzwe mapema, watu walishaona mwenye Kizungu ndiye anapata kazi ya maana na ndiye anajua barua ya DC, mkuu wa wilaya, imesema nini. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952 kupambana na Mau Mau nyingi za shule hizo zikafungwa.

Kisha uhuru ukaja 1963, mwaka uliofuata tume ya elimu ya Ominde ikapendekeza Kizungu kitumike kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Na hapo ndipo huwa naumia.

Nikiwa darasa la 4 tulikuwa na diski, kipande cha mbao kimetobolewa kikatiwa kamba ya katani, ukishikwa unaongea Kikuyu unavalishwa shingoni, unakaa nayo mpaka usikie mwenzako naye ameteleza umpatie, kwa hivyo mchana kutwa unamvizia rafiki yako. Mbao yenyewe ilikuwa nyeusi kwa jasho letu. Jioni mwalimu wa zamu anamuuliza wa mwisho alipewa na nani, huyo naye anaulizwa, hivyo hivyo mpaka wa asubuhi, na wote tunachapwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkikuyu, mzungu hakuwepo pale hata mmoja.

Jumapili nilimpigia Guka, binti yangu wa miaka 6 akachukua simu amsalimie, akaongea kwa Kizungu karibu dakika nzima, amechangamka kweli. Aliponirudishia, Guka akaniuliza polepole, "Amesema nini?"