Kuku wa kunyambua wa Mtaa wa 18

Januari 2014 nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kimexico, eneo la Pilsen, Chicago. Wiki ile baridi ilishuka hadi karibu nyuzi 27 chini ya sifuri. Señora, ndivyo nilivyomwita, akateleza kwenye barafu mlangoni, akavunjika mkono wa kulia. Siku tatu baadaye akafariki jirani yetu wa Mtaa wa 18, mtu wa Puebla, Mexico, kama yeye, na familia ikataka azikwe kwao. Mimi mtoto wa Tanga sikuhitaji kuelezwa mchango wa msiba ni nini. Pale walichangishana pia kwa kuuza chakula baada ya misa, na Señora alikuwa ameshaahidi tostada 80, yaani vichapati vikavu vya mahindi, za tinga, kuku wa kunyambua kwenye rojo la nyanya na pilipili.

"Mija," aliniita, yaani binti yangu, "niazime mikono yako."

Tulianza Jumamosi jioni. Kilo nne za vidari vya kuku tulizichemsha kwa chumvi, kitunguu saumu na majani makavu ya bay (bay leaf). Moyoni nilinung'unika. Kwetu kuku bila mifupa ni kama hajapikwa, na huyu tena anachemshwa kwanza! Alipopoa kidogo nikachukua kisu. Señora akakiondoa kwa mkono wake mzima, akasema neno moja la Kihispania: deshebrar. Ndani yake mna hebra, uzi. Ndiko kunyambua kwetu kabisa, nikamwelewa. Nikanyambua kwa vidole, nyuzi kwa nyuzi, kuku akiwa bado wa moto, maana akipoa sana hukakamaa. Ilinichukua zaidi ya saa nzima.

Vitunguu vilikuwa vingi mno machoni pangu, 15 vikubwa, vyote vya kukata vipande virefu vyembamba. Hakukubali nipunguze hata kimoja. Alisema tinga ya Puebla bila vitunguu vya kutosha ni mchuzi tu wa nyanya, na leo nakubaliana naye.

Kisha akanifungulisha makopo ya chipotle. Hizo ni pilipili jalapeño zilizoachwa ziive hadi zikawa nyekundu, zikakaushwa kwa moshi, halafu zikalowekwa kwenye rojo lenye siki. Harufu ilipotoka nilisimama. Ilikuwa harufu ya jiko la bibi yangu, moshi wa vifuu asubuhi. Sikutegemea kukutana nayo kwenye kopo, theluji ikiwa dirishani. Tukazisaga na nyanya kwenye blenda, nikamimina juu ya vitunguu vilivyokwisha kulainika, nikaongeza oregano, kuku, na upawa wa supu yake. Niliagizwa nisiache kukoroga mpaka rojo ling'ang'anie nyama, kwa sababu tinga yenye maji huilowesha tostada kabla haijafika mdomoni.

Usiku vidole viliniwaka moto, nilizichambua pilipili mikono mitupu. Maji hayakusaidia. Señora akanimiminia mafuta ya kupikia, akanisugua kidole kimoja kimoja kwa mkono wake wa kushoto, polepole, bila kusema kitu.

Kesho yake tulipanga tostada mezani: maharage ya kupondwa chini, tinga juu yake, saladi, krimu, jibini iliyofikichwa. Mjane alikaa karibu na mlango, akishikana mikono na kila aliyeingia. Kufika saa saba mchana ilibaki tostada moja. Señora akatumbukiza pesa yake mwenyewe kwenye kopo la mchango, akaichukua ile tostada, akaivunja. Ikatoka vipande viwili visivyolingana. Akanipa kile kikubwa.