Twende Basi

"Baba, basi maana yake nini?"

Binti yangu alikuwa mlangoni, viatu mkononi. Muda mfupi kabla nilimwambia "basi!" aache kuchezea maji, kisha nikamwambia "haya, twende basi." Kwake amri hizo ziligongana: neno lililomsimamisha ndilo hilo hilo linalomwondoa. Nilimjibu juujuu tukatoka, lakini mawazo yangu yalishafika Beijing, majira ya baridi ya 2009.

Kichina cha kununulia chakula na tiketi nilikuwa nacho. Kilichonisumbua ni vijineno vya mwisho wa sentensi: ma, ba, ne. Kamusi ilisema hiki cha kuuliza, hiki cha kushauri, ikaishia hapo. Mimi nilitaka kujua vimetoka wapi.

Asubuhi moja mwalimu wetu, mama wa makamo, aliingia, akaandika ubaoni shairi la Bai Juyi, mshairi wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 846. Mistari minne, herufi tano tano. Pombe mpya ipo, jiko dogo la udongo mwekundu lipo, jioni inaingia na theluji inakaribia kuanguka. Mstari wa mwisho unamuuliza rafiki kama atakunywa kikombe kimoja. Hapo chaki ikasimama chini ya herufi ya mwisho, wu: "hakuna", "bila". Utakunywa kikombe, ama hapana?

Zamani, akatueleza, herufi hiyo ilianza kwa sauti ya m. Watu wa Guangzhou, kusini mwa China, hadi leo huitamka mou. Kadiri watu walivyozoea kufunga maswali kwa "hapana" hiyo, ukanushaji ulififia, likabaki swali tupu. Maandishi nayo yakabadilika, hadi tukapata ma ya leo, yenye alama ya mdomo ubavuni. Mdomo huo aliuchora polepole, mraba mtupu. Nikauona ubao mzima kwa macho mapya: neno lililokuwa na uzito wake lenyewe sasa kazi yake ni kumgeukia anayesikiliza.

Mwenzetu akauliza, na ba je?

Mwalimu akaandika herufi ya zamani, bà, kitenzi cha "kukoma", "kuacha". Ukifunga kauli yako kwa "na yaishie hapo", taratibu inakuwa njia ya kumwomba mwenzio akubali. Mwandishi Lu Xun, kwenye miaka ya 1920, bado aliandika herufi hiyo ya kukoma mahali ambapo leo huwekwa ile yenye mdomo. Akatoa mfano: zou ba.

"Twende basi," nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili.

Akageuka. "Laoshi," yaani mwalimu, nikamwambia, "hata kwetu ni vivyo hivyo." Akanipa chaki. Nikaandika basi, nikaeleza: inatosha, koma. Chini yake nikaandika twende basi. Akanitaka nitamke basi ya ukali, kisha basi ya kubembeleza, darasa likarudia zote mbili kwa lafudhi za nchi zao. Lugha niliyoimba nayo utotoni ilikuwa ubaoni, jirani na Bai Juyi, na nilijisikia mrefu kuliko siku zote.

Muhula uliobaki ulipita mbio: mitihani, ndege, kazi, ndoa.

Huwa najiambia kwamba anayesema "yatosha" amefunga maneno, na maneno yakifungwa kinachobaki ni kutenda. Ndiyo maana Mchina na Mswahili wakakutana njiani bila kuambizana. Naupenda ufafanuzi huo, labda kupita kiasi. Maana basi yetu asili yake ni Kiajemi, bas, "inatosha", na Waarabu nao huitumia kwa "inatosha", kwa "tu", hata kwa "lakini". Je, neno lililegea vinywani mwa bibi zetu wa pwani, au lilishuka jahazini likiwa limekwisha kulegea? Moyo wangu uko kwa bibi zetu. Ushahidi bado nautafuta.