Seti na nane za shupaza

Mama yangu hana habari na mambo ya mtandaoni, ndiyo maana nathubutu kuandika haya.

Nimekulia Unguja, kwenye karata za barazani, zile ambazo anayefikisha 61 ndiye mshindi na seti, yaani saba, katika aina yake hupigwa na ree peke yake, yaani ile ya moja. Nilipoanza kucheza poka Houston mwaka 2016, kila nikishika saba moyo ulinidunda. Bure tu, maana kwenye poka saba ni jirani wa garasa.

Tulikuwa tunakutana Jumamosi usiku kwa mwenzetu mmoja tuliyefanya naye kazi ghalani. Sheria ya Texas inaiachia kamari ya nyumbani mradi mwenye nyumba asikate chake. Hakukata, ingawa sambusa alituuzia.

Kwenye poka yetu kila mtu hushika karata mbili, tano nyingine hufunguliwa mezani kwa wote, na mwenye tano za aina moja ana mkono mkubwa. Usiku huo nilipata saba na nane za shupaza nikiwa wa kwanza kusema, yaani kuamua kulipa, kupandisha au kutupa. Nikalipa dola 1. Mmoja akapandisha hadi 6, fundi mmoja wa viyoyozi akapandisha hadi 18. Mimi? Seti hiyo, tena shupaza! Nikaongeza 17, yule wa 6 akatupa zake. Mezani zikafunguliwa karata tatu, mbili kati yake shupaza. Fundi akasukuma 22 zake zilizobaki, nikamfuata, na karata ya mwisho ikawa shupaza. Nilichota kama mtu aliyeokota embe dodo chini ya mwarobaini.

Tulipotoka nje kupunga upepo, mzee mmoja wa Mombasa, dereva wa malori, aliniuliza, "Mwanangu, yule fundi alikuwa amebakiwa na ngapi ulipomlipa zile 17?"

"22, mzee."

"Sasa ulitaka kumlia nini?"

Nikamwambia nimeshinda. Akasema kushinda amekuona. Zile 22 za mwisho nilifanya vyema kulipa: ukiwa na shupaza nne na karata mbili bado hazijafunguliwa, unapata ya tano kama mara 35 katika 100, na mezani palikuwa na fedha za kutosha kuilipia bahati hiyo. Kosa langu lilikuwa zile 17. Karata mbili za kufuatana za aina moja huja na shupaza tatu kwa mpigo chini ya mara 1 katika 100; hata kupata mbili tu za kukupa matumaini ni kama mara 11. Mara nyingi unatupa. Basi siku zinapokuja lazima zikulipie siku zote ulizotupa, na mtu mwenye 22 hana cha kukulipa. Mzee hutaka aliye mbele yake awe na angalau mara 20 ya anacholipa, na yeye mwenyewe awe wa mwisho kusema, aone wenziwe wamefanya nini kabla hajatoa senti. "Wewe umemtegea dagaa kwa jarife, tena umekaa pabaya."

Nilinuna kidogo. Hakuna anayependa kusahihishwa na fedha ziko mfukoni.

Tukarudi ndani. Nikapata tano na sita za kopa nikiwa wa mwisho kusema, nikalipa 4 dhidi ya mtu mwenye zaidi ya 200. Hazikuja, nikatupa. Hivyo tu.

Karibu saa nane usiku, saba na nane za shupaza zikanirudia. Zilezile! Aliyenitangulia akapandisha hadi 10, na mbele yake nilihesabu kama 50. Nyuma yangu walikuwa wanne hawajasema. Niliziangalia mara mbili, nikazisukuma kwa mgawaji.

Mezani zikafunguliwa mfalme, tisa na nne. Shupaza zote tatu.

Nilikaa nikitazama dari mpaka mchezo ule ukaisha. Mzee alikuwa amenikodolea macho muda wote.

"Seti?" akauliza.

"Na nane."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanisogezea sahani ya sambusa. "Kula, zinapoa. Hizi nalipa mimi."