Mboga ilipomwagika

Jana jioni mwanangu wa miaka 6 aliangusha sufuria ya dagaa, mboga yote chini. Akajikunyata ukutani, mikono kichwani. Nilimjua yule mtoto. Ni mimi nikiwa mdogo kule Igogo, Mwanza, nikisikiliza hatua za baba akirudi kutoka mwaloni.

Sijawahi kumpiga, ila wiki iliyopita nilimfokea vibaya sana. Kumbe alihifadhi.

Nikakaa sakafuni. "Baba, njoo tuokote." Tukala ugali na kachumbari. Kabla hajalala nikamwomba msamaha kwa zile kelele. Mimi hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba msamaha, hata maneno yalinikwama kooni.

Akanitazama. "Mama, kesho tukaangalie kivuko cha Kamanga?"

Hapa navaa viatu, yeye yuko mlangoni tayari.