Cheti changu cha jeshi kilisema sijawahi kukanyaga Afghanistan

Nilistaafu jeshi la Marekani mwaka 2021 baada ya kutimiza miaka yangu ishirini na ushee, na pensheni inaingia kila mwezi bila matata. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila nikigusia habari hii kuna mtu huuliza kama nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Niliachiliwa kwa heshima, na neno lenyewe limeandikwa kwenye sanduku la 24 la DD 214 yangu.

Shida ilikuwa kwenye masanduku mengine. Kwa msiojua, DD 214 ndiyo karatasi anayopewa kila askari anapotoka jeshini, na ukishavua kombati hiyo karatasi ndiyo wewe. Mkopo wa nyumba, matibabu, hata bendera ya kufunika jeneza lako, vyote vinapitia hapo. Sanduku la 12f linataja muda uliotumikia ng'ambo, la 13 medali, la 18 maelezo, na humo ndimo nchi za vita huandikwa pamoja na tarehe. Afghanistan haikuwepo kabisa, wala medali yake.

Najua ilivyopotea. Mwaka 2012 niliazimwa kwenye kikosi kingine kilichopungukiwa na watu wa usafirishaji, nikaenda nao, nikarudi mwaka uliofuata kwenye kikosi changu ambacho chenyewe hakikuondoka. Kwenye vitabu vya kikosi changu, mimi nilikuwa nyumbani nikinywa chai. Wakati wa kustaafu nilimwonyesha karani pengo hilo, akanijibu bila kuinua macho kwamba mfumo utajirekebisha wenyewe. Bado naungoja huo mfumo.

Huenda ningeliacha lilivyo. Lakini tarehe 10 Agosti 2022 Rais Biden alitia saini sheria ya PACT, inayowatambua askari waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kule vitani. Ukiwa umetumikia mahali palipotajwa, na una ugonjwa uliomo kwenye orodha, hulazimiki tena kuthibitisha kwamba moshi ndio ulioleta ugonjwa. Mimi pua zangu zimeziba tangu 2013, daktari anaita sinusaitisi sugu, nayo imo kwenye orodha. Afghanistan nayo imo. Kilichokosekana ni karatasi ya kusema nilifika huko.

Basi washauri wakajitokeza.

Wa kwanza ni Mkenya mwenzangu hapa Texas, mkubwa kwangu kwa umri na kwa sauti. Alinishika bega kama anayenipa pole ya msiba. "Ndugu yangu, faili lako liliungua St. Louis. Wewe hukujua?" Moto huo, kwenye jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, ni kweli ulitokea. Ulianza tarehe 12 Julai 1973, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Lakini kwa jeshi la nchi kavu walioathirika ni walioachiliwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na mwaka huo wa moto mimi mamangu hata hajaolewa. Nikamweleza. Akanijibu, "Moto ni moto." Mpaka leo huwaambia watu kesi yangu ilikuwa ya moto.

Wa pili alikuwa hatari zaidi kwa sababu alikuwa na fomu mkononi. Akanipa DD 293, akasema hiyo ndiyo dawa, yeye aliijaza akafanikiwa. Nikaijaza jioni nzima kwa herufi kubwa, nikabandika viambatisho, nikaituma kwa rejista na kulipia ile kadi ya kijani inayorudi na saini ya aliyepokea, dola kumi na kitu. Kesho yake mke wangu akaisoma nakala iliyobaki mezani. "Baba Zuhura, hapa wanauliza unataka sifa yako ya kuachiliwa ibadilishwe iwe ipi. Si tayari ni ya heshima? Ama wataka wakuandikie mtakatifu?" Alikuwa na haki ya kucheka. DD 293 ni ya bodi inayopitia namna mtu alivyoachiliwa: yule aliyetolewa kwa sifa mbaya na anataka ipandishwe, tena awe hajapitisha miaka 15. Ilirudi na barua ya adabu. Yule bwana kumbe alikuwa ametolewa kwa utovu wa nidhamu, na hakuwa amemwambia mtu.

Wa tatu alitaka dola mia sita na kitu "kufuatilia". Huyo nilimkimbia. Jamani, kuomba marekebisho ni bure. Fomu ni bure, na kaunti nyingi huku zina ofisa wa wanajeshi wastaafu asiyetoza hata senti. Wangu alikuwa mzee wa vita vya Vietnam mwenye kofia iliyopauka, na yeye ndiye aliyenipa njia: kwanza omba ofisi inayotunza rekodi za wafanyakazi wa jeshi, kwa sababu kosa likionekana wazi ndani ya faili lako mwenyewe wanalisahihisha papo hapo. Wakikataa, ndipo unajaza DD 149 kwenda kwa Bodi ya Kurekebisha Rekodi za Jeshi. Miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, na ukichelewa wanaweza kukusamehe ikiwa haki inadai hivyo.

Ofisi ya kwanza ilikataa. Hakuna amri ya kunipeleka Afghanistan kwenye faili, hivyo hakuna Afghanistan.

Nikamwambia mzee nina marafiki watano wa kunishuhudia. Akatikisa kichwa. Bodi, aliniambia, haifanyi upelelezi. Inaanza kwa kuamini kwamba jeshi liliandika sawa, na ni kazi yako kuiondoa hapo kwa ushahidi. Rafiki anakumbuka leo, tena anakupenda. Niletee karatasi iliyoandikwa siku ileile na mtu asiyekujua wala kukujali.

Nani aliwahi kuniandika kule bila kunijali? Nilikaa na swali hilo hadi mama Zuhura akanitatulia. Yeye ana sanduku la magurudumu, lile tulilokuja nalo kutoka Mombasa, limejaa karatasi za kodi za miaka yote. Watu humwambia azichome baada ya miaka saba, naye huwajibu kwamba serikali haina miaka saba. Akatoa W-2 yangu ya 2012, ile karatasi ya mapato ya mwaka, akaweka kidole kwenye sanduku la 12. "Hii Q ni ya nini?"

Q ni malipo ya vitani yasiyotozwa kodi. Nilimbusu paji la uso, akaniuliza kama nimelewa.

Nikaingia kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi, nikachukua muhtasari rasmi wa mapato. Wanautoa bure na unarudi nyuma miaka kumi, kwa hiyo niliuwahi mlango ukifungwa. Q ilikuwepo 2012, na ilikuwepo tena 2013. Halafu nikaomba hati za mshahara za kila mwezi, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu hili napenda kulisimulia. Hadi mwisho wa 2011, ukigusa eneo la hatari hata siku moja ulilipwa dola 225 za mwezi mzima. Kuanzia 2012 wakabana: dola 7.50 kwa siku, mpaka zifike 225. Tulinung'unika sana wakati ule. Sasa hati yangu ya mwezi wa Machi ilionyesha dola 142.50. Gawanya kwa 7.50. Siku kumi na tisa, maana yake hesabu inaanza tarehe 13. Ubahili ule tulioulaani ndio ulionihesabia siku zangu.

Mzee alipoona hesabu hiyo alivua kofia. Kisha akaharibu furaha: tulipitia Kuwait, na Kuwait nayo wakati ule ililipiwa, kwa hiyo pesa zinasema nilikuwa eneo la hatari, hazisemi nchi. "Ulijaza ile fomu ya afya mliporudi?"

Kumbe faili la kazi na faili la hospitali ni ndugu wasiosalimiana. Kila anayerudi kutoka vitani hujaza DD 2796, fomu ya afya baada ya safari, na hiyo hukaa kwenye rekodi za matibabu. Niliyekuwa nimemwomba rekodi za kazi hakuwa na sababu ya kuigusa. Nikaagiza za matibabu, zikaja rundo, meno mbele, chanjo nyuma, na katikati ikawepo: Afghanistan, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, saini ya mhudumu wa afya nisiyemkumbuka hata sura. Kwenye swali la kama nilivuta moshi wa taka zinazochomwa, nilikuwa nimetia alama mwenyewe, kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino.

Maelezo kwenye DD 149 nilikuwa nimeandika kurasa kadhaa, vumbi la kambi ya Bagram, baridi, makombora ya usiku, yote. Mzee akapiga mstari juu ya kila kitu, akaacha sentensi nne: ni sanduku gani limekosewa, liseme nini, ushahidi upi unathibitisha, kiambatisho namba ngapi. Iliniuma. Makombora yangu yalikuwa yameandikwa vizuri. Ila wanaosoma kwenye Bodi ni raia wenye rundo la kesi, nami sikuwa natafuta medali ya uandishi.

Kisha ni kungoja. Sheria inawapa hadi miezi 18, na usipige simu kila wiki, haisaidii. Jibu langu lilikuja kwa barua: ombi limekubaliwa, tarehe ziandikwe, medali ya Afghanistan iongezwe.

Usitegemee watakuchapia DD 214 mpya. Nilichopata ni DD 215, karatasi fupi inayosema sanduku fulani lisomeke hivi. Ile ya zamani inabaki na kosa lake, na hizo mbili zinatembea pamoja kokote uendako. Ukipeleka moja utarudishwa. Mimi nimezichapisha pamoja, mbele na nyuma. Pua zangu sasa zinalipiwa.

Tangu habari itoke, simu haipumui. Nasaidia, lakini ndugu zangu, acheni kunitumia picha ya DD 214 yote kwenye WhatsApp, namba yako ya utambulisho ya Social Security ikiwa wazi juu pale, kwenye kundi la watu mia mbili. Ifunike. Na nitumie nakala ndefu, ile ya Member-4, kwa sababu ile fupi haina sifa ya kuachiliwa wala sababu yake, na mimi sitabiri.