Tundu Katikati ya Ramani

Sehemu niliyoihitaji kuliko zote ndiyo iliyokuwa haina kitu. Mwaka 2015 nilikuwa likizo nyumbani Kirumba, na kompyuta yangu imejaa ramani za darubini ya anga ya Herschel, tasnifu ya uzamili ikisuasua. Ramani yenyewe ilikuwa ya wingu zito la gesi na vumbi upande wa kitovu cha galaksi yetu, pale nyota zinapozaliwa. Pembeni kila kitu kilikaa vizuri. Katikati, kwenye mawimbi ya infraredi ya mbali (mnururisho wa joto usioonekana kwa macho) ya mikromita 250, pikseli zilikuwa tupu, hazina hata namba moja.

Msimamizi wangu aliandika sentensi moja: eleza kwa nini pako wazi, na usiishie kusema kihisi kilishiba, yaani kilifika mwisho wa uwezo wake wa kupima. Nilimkasirikia, lakini swali lilikuwa la haki.

Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, ni fundi umeme kwenye kiwanda cha samaki. Alikuwa na kamera ya joto ya kukagulia viungo vya nyaya vinavyochemka kwenye paneli. Ndani yake kuna bolomita ndogondogo, vipande vinavyobadilisha ukinzani wa umeme vikipata joto. SPIRE, kimojawapo cha vyombo vitatu vya Herschel na ndicho kilichopima ramani yangu, nacho kilitumia bolomita, ila zake zilipozwa mpaka kelvini 0.3, karibu nyuzi 273 chini ya sifuri. Ya kaka ilikuwa na joto lilelile la Mwanza. Kanuni ni moja, na hiyo ilinitosha.

Jioni tukashuka Mwaloni, mama mdogo anapokaangia sato.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hilo bunduki la nini?"

Kaka akaiweka kamera kwenye kipimo cha chini, kinachoishia nyuzi 120, akaielekeza jikoni. Mkaa, karai na mafuta vikawa doa moja jeupe, halina kona wala kivuli. Pembeni skrini ikaandika zaidi ya 120, ikagoma hapo. Nikamwomba mama mdogo apepee. Akapepea mpaka cheche zikaruka na mteja mmoja akasogeza kiti. Kwenye skrini hakikubadilika kitu. Moto umezidi maradufu mbele ya macho yetu, kifaa kinasema lilelile.

Tukahamia kipimo cha juu, kinachofika nyuzi 650. Mara mafuta yakajitenga na ukingo wa karai, na vipande vya mkaa vikaonekana kimoja kimoja. Lakini beseni la sato wabichi juu ya barafu, ambalo muda mfupi uliopita lilionekana kila samaki na mkia wake, likageuka chengachenga. Kelele za kifaa chenyewe, yaani mtikisiko wa namba usiotokana na kinachopimwa, zilikuwa kubwa kuliko tofauti ya samaki na meza. Tena kamera ilipogeuzwa kuelekea ukutani, doa hafifu la jiko lilibaki kwenye picha mpaka kizibo cha ndani kilipolia "tik" na kuisawazisha. Nikakumbuka vihisi vya elementi ya jemani (germanium) vya Spitzer, darubini nyingine ya anga ya infraredi, ambavyo vikishaangalia kitu king'avu mno hukaa kwa muda havijarudi katika hali yake.

Mama mdogo alikuwa anachungulia begani kwangu. "Kwani hiyo si mizani tu? Ya kilo kumi ukiitwisha sangara mkubwa, mshale unagonga mwisho, hujui ni kilo thelathini au hamsini. Ukienda kwenye ile ya magunia, vidagaa vyako vya mboga haviitikisi."

Nilirudi nyumbani nikaandika upaya ule ukurasa kwa maneno mengine, lakini hoja ilikuwa ya kwake. Volti ya bolomita hukuzwa, kisha hugeuzwa namba, na kigeuzi kina dari yake. Ugumu wa Herschel ni kwamba kioo chake cha mita 3.5 kilikuwa na kelvini kama 85, kwa hiyo chenyewe kiling'aa katika infraredi ya mbali kabla hakijaelekezwa popote. Mng'ao huo ilibidi uondolewe kwanza, kila kihisi kwa kiasi chake mwanzoni mwa kila upimaji, na wingu lipate nafasi iliyobaki. Ndiyo maana waliweka na mpangilio wa vyanzo ang'avu, unaopunguza makusudi wepesi wa vihisi kuhisi. Ukiuchagua, kiini cha wingu kinasomeka na ukungu wa pembeni unapotea. Na uamuzi ni wa kabla, ukiwa Duniani, darubini iko umbali wa kilomita milioni 1.5 na heliamu inayopoza vyombo vyake inapungua. Ilirushwa tarehe 14 Mei 2009. Heliamu ikaisha tarehe 29 Aprili 2013. Kwa maoni yangu, waliopanga ratiba ile hawasifiwi inavyostahili.

Kwenye hifadhi ya data nilipata upimaji wa pili wa eneo langu, wa mpangilio huo wa vyanzo ang'avu. Nikatafuta pete nyembamba inayolizunguka tundu, ambako ramani ya kwanza ilikuwa haijashiba na ya pili ilikuwa haijazama kwenye kelele. Namba za pande mbili zilikubaliana ndani ya kosa la kipimo, isipokuwa kipande kidogo upande wa kaskazini. Nikajaza tundu kwa namba za upimaji wa pili, kile kipande nikakizungushia mstari, nikamtumia msimamizi. Akajibu kwa sentensi moja tena: huo mstari eleza.